Sanamu ya Bikira Maria imekatika mkono, shangazi anasema ni mkosi

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo mwalimu. Naandika kutoka Igoma. Sanamu ya Bikira Maria aliyotuachia marehemu mama imeanguka kutoka kabatini, mkono ukakatika. Shangazi anasema huo ni mkosi, kapata mtu wa maombi anataka 150,000 aje "aifunge upya". Mdogo wangu kaokoka, anasema tuitupe ziwani kabisa maana ni mizimu. Mi nauliza tu, baraka ya padre bado ipo? Na nikiigundisha ni kosa?

JIBU: Milele amina dada. Igundishe, sio kosa. Kama ni ya plasta futa vumbi pale ilipokatika, iache ikauke, alafu tumia ile gundi ya tyubu mbili za kuchanganya, supagluu inanyonywa na plasta mkono utaanguka tena kabla ya Jumapili. Na baraka ipo, haikuvuja kupitia mkono. Ingekuwa imesagika haitambuliki hapo ungeizika sehemu ambayo watu hawakanyagi, au ungeichoma kama ni ya mbao, lakini sio jalalani wala ziwani, kanuni ya 1171 ya sheria za Kanisa inataka kitu kilichobarikiwa kiheshimiwe hata kikiwa mali ya mtu binafsi.

Basi swali lako limeisha. Kinachonikera ni hiyo 150,000.

Nafundisha dini huku Mwanza miaka mingi na kila wiki nakutana na hili jambo kwa sura tofauti. Shangazi yako na mdogo wako wanaonekana wanapingana, ila ukiwasikiliza vizuri wanaamini kitu kimoja, kwamba ndani ya ile plasta kuna kitu kimekaa. Mmoja anasema ni kizuri kimekasirika, mwingine anasema ni pepo. Wote wawili wamekosea! Hamna kitu mle. Ni plasta na rangi.

Mdogo wako atakusomea Kutoka 20 inayokataza sanamu za kuchonga, msomee na Kutoka 25:18 ambapo Mungu yule yule anaagiza makerubi wa dhahabu, yaani sanamu za malaika, mtashinda hapo mpaka jioni. Mi naona andiko linalotuhusu zaidi sisi Wakatoliki ni la nyoka wa shaba. Hesabu 21 Musa anaambiwa amtengeneze, watu walioumwa na nyoka wakimtazama wanapona. Sasa nenda 2 Wafalme 18:4, mfalme Hezekia anamvunja vipande vipande nyoka yule yule, kwa nini? Kwa sababu watu walishaanza kumfukizia uvumba. Aliyebadilika ni watu, nyoka alikuwa yule yule.

Na Kanisa halijalificha hili. Mwaka 787 maaskofu walikutana Nisea, wakati huo wafalme wa Konstantinopoli walikuwa wameshavunja sana picha takatifu, wakasema heshima unayoipa picha inapita inaenda kwa yule aliyechorwa, na kuabudu ni kwa Mungu peke yake. Mtaguso wa Trento, mkutano mwingine mkuu wa maaskofu, 1563 ukarudia na kuongeza kwamba tusidhani kuna uungu au nguvu ndani ya sanamu, na ukaagiza ushirikina na tamaa ya pesa viondolewe kwenye matumizi ya sanamu. Tamaa ya pesa, dada, mwaka 1563! Walishamuona huyo mtu wa shangazi yako mapema kabisa.

Kwaresima ikikaribia mwisho parokia nyingi zinafunika sanamu na misalaba kwa kitambaa cha zambarau, umeshaona Misa ikipungua kitu siku hizo?

Kuna mvuvi nilimkuta pale Kirumba mwaloni kafunga rozari kwenye mtumbwi, nikamsifu, akanijibu mwalimu hii imeisha nguvu, sangara hamna wiki ya pili, nikanunue nyingine? Nikamuuliza unaisali? Akacheka. Ile kwake ilikuwa hirizi yenye msalaba, na Katekisimu namba 2111 inasema wazi ukitegemea ishara ya nje bila moyo wako kuwepo umeshaingia kwenye ushirikina. Huyu ananiumiza kichwa kuliko walokole kumi, maana huyu ni wa kwetu, Jumapili anakomunika.

Na hapo ndo matapeli wanapopata mlango. Sikuhizi wanapita mtaa kwa mtaa na begi, sanamu za upako, mafuta ya upako, stika za kubandika mlangoni, hii ya biashara ile ya ndoa, wengine wanajiita wanamaombi Wakatoliki kabisa na rozari shingoni ili mama zetu wasishtuke. Baraka haiuzwi, Simoni mchawi alijaribu kununua uwezo wa kuwapa watu Roho Mtakatifu kwenye Matendo 8 akajibiwa fedha yake ipotelee mbali pamoja naye. Ukitaka sanamu ibarikiwe tena baada ya kuigundisha ipeleke kwa padre baada ya Misa, ni dakika mbili na hakuna bei.

Akija mtu wa aina hiyo nyumbani wala usibishane naye Biblia, muulize tu paroko wake anaitwa nani na toa simu umpigie hapo hapo. Kuna mmoja aliulizwa hivo Buhongwa akasema ngoja nichukue chaja kwenye bodaboda, mpaka leo wanamsubiri.