Simu inasoma mita 68: je, kiwanja hiki hakitafikwa na mafuriko?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mimi na mume wangu tumepanga Sinza, Dar es Salaam, miaka tisa, na sasa tumejikusanyia fedha za kununua kiwanja. Tumeonyeshwa viwili. Cha kwanza kipo Goba, ni tambarare, mita 20 kwa 20, na nyuma yake kuna kijito kikavu. Cha pili kipo Madale kwenye mteremko, udongo mwekundu, na bei yake imezidi kwa karibu theluthi. Dalali wa Goba anasema maji hayajawahi kufika pale. Tulipokwenda mwezi Septemba nilisimama katikati ya kiwanja, simu ikasoma mita 68 juu ya usawa wa bahari. Jangwani kunajaa maji kwa sababu ni chini, karibu na bahari. Je, kwa mita 68 hatuna cha kuogopa?

JIBU: Mwalimu, mnacho cha kuogopa. Namba hiyo haiwalindi, na nitaeleza kwa kirefu, maana kosa hili nimeliona likimeza akiba za watu waliojinyima miaka mingi.

Mita 68 ni kimo kutoka baharini, lakini bahari siyo itakayobisha hodi nyuma ya nyumba yenu. Atakayebisha ni kijito. Mji wa Kilosa uko karibu mita 500 juu ya bahari, na bado mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa uliingia majumbani na kung'oa reli. Katesh iko juu zaidi ya mita 1,500, na Desemba 2023 tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang liliua watu wengi. Kinachotakiwa kujulikana ni sakafu yenu itakuwa mita ngapi juu ya kitako cha kijito, na kijito hicho kinakusanya maji ya eneo kubwa kiasi gani.

Simu yenyewe pia haina uwezo wa kujibu hilo. Kimo inachosoma kutoka kwenye setilaiti huweza kukosea kwa mita kumi, wakati mwingine zaidi. Zile ramani za kompyuta zinazoonyesha mwinuko ukigusa mahali, nyingi zimetokana na vipimo vya rada vilivyochukuliwa kutoka angani Februari 2000, ambavyo huipa kila sehemu ya takriban mita 30 kwa 30 mwinuko mmoja. Kiwanja chenu chote ni kidogo kuliko sehemu moja ya namna hiyo. Mafuriko ya kuharibu nyumba hayahitaji mita kumi, mita moja inatosha.

Kwa tofauti ndogo hizo, chukueni fundi ujenzi mwenye ule mpira mwembamba wa maji wa kupimia levo. Ncha moja ishikwe mahali mtakapoweka msingi, nyingine ipelekwe kijitoni kwa hatua. Kwa nusu siku mtajua tofauti ya kimo kwa sentimita, jambo ambalo simu haitawaambia kamwe.

Ramani za kompyuta zina kazi nyingine ambayo wanunuzi wengi hawaijui, nayo ni kutazama juu ya kijito. Fungueni picha za setilaiti, mkifuate kijito chenu kinyume na mkondo mpaka mwanzo wake, kisha mrudishe picha nyuma miaka kumi, kumi na tano. Mtaona palipokuwa na vichaka na mikorosho sasa pana mabati na barabara za lami. Mvua iliyokuwa ikinyonywa na udongo kwa saa kadhaa siku hizi inateleza juu ya mabati na kufika bondeni kwa dakika chache. Ndiyo maana neno la dalali, hata akiwa mkweli, halitoshi. Maji huenda kweli hayajawahi kufika pale, kwa kuwa mtaa wa juu ulikuwa haujajengwa.

Halafu kuna kuta za korongo. Jijini kwetu watu huchimba mchanga kwenye vijito, kitako kinashuka, kuta zinabaki wima bila mguu, na kila masika zinameguka. Nyumba iliyo kando ya korongo la namna hii haifi kwa kujaa maji, inafuatwa na korongo hadi ukutani. Linganisheni upana wa korongo kwenye picha ya zamani na ya sasa. Mkiona limepanuka kwa mita tatu au nne, msiendelee na mazungumzo ya bei.

Mwende pia kwa miguu, na msiongee na muuzaji peke yake. Angalieni chupa za plastiki na matambara yaliyonasa kwenye matawi kando ya kijito, maana urefu wake kutoka ardhini ni rekodi ya mafuriko ambayo hakuna aliyeifuta. Angalieni kama majirani wameinua vizingiti vya milango au wamepanga viroba vya mchanga. Matete, ndago na magimbi yakistawi bila kumwagiliwa, maji yako karibu chini ya ardhi. Sikilizeni na majina ya mahali, maana wazee hawakuyatoa bure. Msasani kuna Bonde la Mpunga, na mpunga hauoti pakavu. Mikocheni ilipewa jina la mikoche, mti unaopenda mahali ambapo maji ya ardhini hayako mbali. Mitaa yote miwili inajulikana kwa maji kila mvua zikizidi.

Hata Jangwani siyo suala la kuwa chini tu. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na kutoka baharini pale Daraja la Salenda. Mvua kubwa ikikutana na maji ya bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, mto hukosa pa kutokea na kurudi nyuma. Desemba 2011 niliona watu wakikaa juu ya mabati ya nyumba zao wenyewe, na wengi baadaye walihamishiwa Mabwepande. Picha hiyo haijanitoka.

La sheria nitalisema kwa ufupi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufuo wa bahari. Pimeni kwa futikamba kutoka ukingoni. Kiwanja kikiwa ndani ya hizo 60, mnanunua uwezekano wa kunyimwa kibali cha ujenzi au kuamka siku moja na alama ya X ya kubomolewa ukutani.

Sasa Madale. Mteremko unatisha wanunuzi kwa gharama ya msingi, na ni kweli mtalipia mawe na ukuta wa kuzuia udongo. Hata hivyo udongo mwekundu wa kichanga hunyonya maji vizuri. Ujaribuni kwa kuchimba shimo la nusu mita, mlijaze maji, yaishe, mlijaze tena, kisha mtazame saa. Yakikauka kwa saa moja au mbili, shimo la maji taka litafanya kazi. Yakilala mpaka kesho yake, mna mfinyanzi, na mtaishia kuita gari la kunyonya kila mara au kuishi jirani na wanaotapisha vyoo mvua ikinyesha. Na huko nako tazameni juu: maji ya barabara ya mlimani yanaelekezwa wapi? Kama mtaro unamalizikia kwenye kiwanja chenu, mteremko hautawaokoa.

Ulizeni vilevile kama maji ya bomba yanapanda hadi pale, na kwa siku ngapi kwa wiki. Nyumba iliyo juu kuliko tenki la kugawia haipati maji bila pampu. Kuhusu joto, madirisha makubwa yaelekee kaskazini na kusini, kuta za mashariki na magharibi ziwe fupi, na upepo wa kusi wa Juni mpaka Agosti utawapoza bila feni.

Kwa maelezo uliyonipa, mimi ningeiacha Goba na kuendelea na Madale, nikiomba bei ipungue kwa kiasi cha ule ukuta. Lakini mliona vyote viwili Septemba, wakati hata Jangwani panachezwa mpira. Mwombe muuzaji awavumilie hadi masika, mlipe kishika uchumba kidogo kwa maandishi mbele ya serikali ya mtaa ikibidi, kisha mwende siku ya mvua kubwa ya Aprili, mkiwa na mabuti, msimame pale pale uliposimama na simu.