Kipupwe kisiikute nyumba ikiwa wazi

Nilipohamia Uyole, jijini Mbeya, kutoka Tanga miaka 12 iliyopita, niliamini kwamba baridi ya Mbeya dawa yake iko dukani: unanunua blanketi zito, unaongeza sweta, na usiku unapita. Nilipitisha misimu miwili nikiongeza mablanketi huku wanangu wakikohoa hadi mwisho wa Agosti, ndipo nikatambua kwamba nilikuwa nikiwafunika watu na kuiacha nyumba yenyewe wazi. Tangu hapo, masika yanapokatika na jua la Mei kuanza kukausha njia, kazi yangu ya kwanza huwa ni nyumba, kwa sababu Juni ikishaingia, fundi hapatikani kwa urahisi na mikono yenyewe haitaki kushika saruji asubuhi.

Jiji letu liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi zipatazo sita. Mtu wa pwani, basi, hukutana na tofauti ya nyuzi kama kumi hata kabla ya kipupwe. Kuanzia Juni hadi Agosti anga huwa jeupe bila mawingu, na usiku wa namna hiyo joto la ardhi na la mapaa hupotea upesi kwa kuwa hakuna wingu la kulizuia. Kule kwenye uwanda wa juu wa Kitulo, kwenye mita zipatazo 2,600, kuna alfajiri ambazo majani huonekana meupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda. Ukilifahamu hilo, utaelewa kwa nini mimi huanza na paa, wala si kuta.

Bati hupoa kuliko kitu kingine chochote ndani ya nyumba. Katika nyumba ya kwanza niliyopanga hapakuwa na dari, na kila ilipokaribia alfajiri nilisikia matone yakidondoka juu ya godoro, nami nikadhani bati limetoboka. Nilimlipa fundi apande juu azibe matundu ya misumari, akaziba, na usiku uliofuata matone yakadondoka vilevile. Jirani yangu, bibi mmoja mzaliwa wa hapa, alikuja akapitisha kiganja chini ya bati, akanionyesha maji yaliyotanda upande wote wa ndani kama umande, akaniambia, "Mwanangu, hilo halivuji, hilo linatoa jasho." Pumzi za watu wanne na mvuke wa sufuria za jioni vilikuwa vikipanda, vikigusa bati la baridi na kugeuka maji. Dawa yake ni dari. Kama mfuko hauruhusu jipsamu kwa nyumba nzima, weka silingi bodi au mbao za msindano katika vyumba vya kulala tu, sebule isubiri mwaka mwingine. Baada ya hapo kagua pale ukuta unapokutana na bati, kwa maana mafundi wengi wakimaliza kupaua huacha uwazi wa kuingiza mkono, na upepo wote wa usiku hupita hapo. Uzibe kwa vipande vya tofali na mchanganyiko wa saruji, kisha fisha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa, ifunike nje.

Kuta za matofali ya kuchoma hunywa maji mengi wakati wa masika. Usipige lipu wala rangi wiki ile ile mvua inapokatika; ziache kuta zipigwe jua kwa wiki mbili au tatu, la sivyo utaufungia unyevu ndani, na Julai utauona ukitoka kwa madoa meusi ya ukungu nyuma ya kabati.

Milango na madirisha nayapima kwa mshumaa. Jioni yenye upepo nazima taa, nawasha mshumaa na kuupitisha taratibu kuzunguka fremu, kuanzia chini karibu na kizingiti, nikipanda upande wa bawaba hadi juu. Mahali ambapo mwali unainama, baridi inapita hapo. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, mwali ulizimika kabisa chini ya mlango wa uani, palipokuwa na nafasi ya vidole viwili ambayo sikuwahi kuijali. Nilipigilia ubao mwembamba wenye kipande cha mpira wa tairi kuukuu, na usiku uleule chumba cha karibu kikawa kingine. Vioo vilivyolegea hushikwa kwa puti mpya, na nyufa za fremu kwa silikoni. Hata hivyo, matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha usiyaguse. Nyumba isiyopumua hurudisha lile jasho nililolieleza.

Jambo moja wageni wengi wa huku hawalijui: katika kipupwe jua letu la mchana huwa upande wa kaskazini, kwa sababu Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta na mwezi Juni jua huwa limekwenda kaskazini kabisa. Madirisha ya kaskazini ndiyo yanayoleta joto la bure. Mimi huyafungulia mapazia saa tatu asubuhi na kuyafunga saa kumi jioni, kabla joto halijaanza kutoka, na Mei hupunguza matawi ya mti wowote unaoyatia kivuli. Kama unajenga sasa, vipe vyumba vya watoto upande huo.

Sasa naomba unisikilize kwa makini kuhusu jiko la mkaa. Mwaka wangu wa pili hapa, usiku mmoja wa Julai, niliingiza jiko chumbani ambamo watoto walikuwa wamelala, mkaa ukiwa umekolea mwekundu bila moshi, nikafunga mlango na kuziba sehemu ya chini kwa kanga. Niliamka usiku wa manane kichwa kikipasuka, miguu haina nguvu, na mwanangu mdogo nilipomtikisa hakuitika. Nilitambaa hadi mlangoni, nikaufungua, tukamtoa uani kwenye baridi ileile niliyokuwa nikiikimbia, na baada ya muda ulioonekana mrefu mno akalia. Mkaa unaowaka mahali palipofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala anaweza asiamke kabisa. Ukitaka kuota moto, otea nje uani, na jiko usiliingize ndani ya nyumba, hata kama limebaki majivu. Kupasha kitanda, chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwenye taulo inatosha.

Kuni zikatwe na kupasuliwa mapema iwezekanavyo, zipangwe juu ya mawe chini ya kibanda ili upepo upite, maana kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo. Mablanketi yaanikwe juani siku nzima kabla hayajatumika.

Mwaka huu mlango wa uani umenitangulia: ule mpira wa tairi umekwisha kwa kuburuzwa sakafuni, na jana jioni mwali wa mshumaa uliinama tena palepale. Jumamosi nitabadilisha mpira huo kabla sijagusa kitu kingine.