Jibu: Je, warsha ya siku mbili ya picha za utupu za kisanaa inamfaa mpiga picha wa harusi?

Ndugu uliyeuliza kama inafaa kulipia warsha ya siku mbili ya picha za utupu za kisanaa utakapokuja London kumtembelea dada yako, au uendelee kujifunza kwa video ukiwa Dar es Salaam, nakujibu kwa niliyoyaona mwenyewe. Nimehudhuria warsha mbili za aina hiyo hapa London. Ya kwanza ilinipotezea fedha, ya pili ikabadilisha namna ninavyofanya kazi hadi leo. (Neno “utupu” nalitumia shingo upande, kwa sababu katika Kiswahili chetu limekwisha kubeba hukumu kabla picha haijatazamwa, lakini sina jingine linaloeleweka upesi.)

Nianze na mwanga, ambao kwa kweli huhitaji kuusafiria. Mwaka 1930, mpiga picha Mmarekani Edward Weston aliweka pilipili hoho ndani ya faneli ya bati akaipiga picha ambayo watu wengi wakiiona mara ya kwanza hudhani ni mgongo wa mtu. Miaka 6 baadaye alimpiga picha modeli wake, Charis Wilson, akiwa amelala kwenye vilima vya mchanga vya Oceano, California, na ukizitazama picha hizo kwa pamoja utaona jicho ni lile lile. Kwa hiyo, kabla hujapanda ndege, tafuta kinyago cha mpingo kilichong'arishwa vizuri, kiweke mezani mbele ya kitambaa cheusi, washa taa moja tu, kisha uizungushe taratibu kutoka mbele hadi karibu nyuma yake. Nasisitiza mpingo kwa sababu maalumu: katika ngozi nyeusi kama yetu, umbo huchorwa na mng'ao kuliko linavyochorwa na kivuli, na video nyingi za mtandaoni hufundisha kivuli peke yake.

Jambo hilo lilijitokeza wazi siku ya pili ya warsha yangu ya pili, ambapo modeli alikuwa mwanamke mweusi. Wenzangu wanne waliziachia kamera zao zipime mwanga zenyewe, nazo, kwa kuwa huchukulia kwamba kila kilicho mbele yao kina wastani wa rangi ya kijivu, zikaipausha ngozi yake mpaka ikaonekana kama imepakwa majivu. Mwalimu alituagiza tupime sehemu inayong'aa zaidi, kisha akasogeza softboksi (kisanduku cha kitambaa kinachofungwa mbele ya taa ili kulainisha mwanga) ndefu na nyembamba nyuma kidogo ya bega la modeli, akasimamisha ubao mweusi upande wa pili ili mwanga usirudi kutoka ukutani. Kamera ikiwa imewekwa kwa tundu la lenzi la f/8, shata ya sekunde 1/125 na usikivu wa mwanga wa ISO 100, mstari mmoja wa mwanga ulishuka kutoka shingoni hadi kiunoni, na sehemu nyingine zote zikazama gizani. Picha ile haikuonyesha chochote cha kumwaibisha mtu, nami naihesabu kuwa bora kuliko zote nilizopiga mwaka ule.

Lakini lililostahili ada yangu ni lile ambalo kinyago hakiwezi kukufundisha. Katika warsha ya kwanza tulikuwa 12, tukimzunguka modeli mmoja na kupokezana kifaa cha kuwashia flashi, kila mtu dakika 3. Hakuna aliyetutambulisha kwake. Chumba kilikuwa cha baridi hata vinyweleo vya mikono vikamsimama, nami kwa haya nilijificha nyuma ya kamera bila kutamka neno, kana kwamba kunyamaza ndiyo heshima. Picha zangu zote zilitoka zimekakamaa, na nilistahili.

Katika ile ya pili tulikuwa 5, na kwa saa nzima ya kwanza mikoba ya kamera haikufunguliwa. Modeli ndiye aliyezungumza, akiwa amevaa joho lake: atakubali mikao ipi, hatakubali ipi, na picha zitaruhusiwa kuonekana wapi, kisha yakaandikwa kwenye fomu ya ridhaa tukatia saini. Hakuna aliyeruhusiwa kumgusa, hata mwalimu. Nywele zikiwa zimeanguka vibaya, unamwomba aziondoe mwenyewe. Taa zikihamishwa, yeye anajifunika. Tulipumzika kila baada ya dakika 20, na hita ilikuwa imewashwa mapema. Nilijifunza pia kwamba modeli hufika akiwa amevaa nguo pana, kwa kuwa alama za lastiki hukawia kutoka kwenye ngozi, na kwamba badala ya kusema “geuka kidogo” unapaswa kulionyesha pozi hilo kwa mwili wako mwenyewe. Mabibi harusi ninaowapiga picha siku hizi wamefaidika na hilo la mwisho kuliko na lenzi yoyote niliyowahi kununua.

Basi kabla ya kulipa, uliza mtakuwa wangapi, na kama modeli ataongea nanyi kabla ya kazi. Wakisita kukujibu, tafuta kwingine. Uliza pia jinsi wanavyothibitisha kwamba modeli ametimiza miaka 18, hata kama anaonekana mtu mzima kabisa. Na kwa kuwa unakusudia kurudi Dar na picha hizo, kumbuka kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuchapisha ponografia kupitia mfumo wa kompyuta. Usitegemee kwamba neno “kisanaa” litakutetea, bali mwone wakili kabla hujaiweka hata moja mtandaoni.

Kuhusu swali lako la lenzi, njoo na ile ya milimita 85 au ya 50. Lenzi pana hurefusha viungo vilivyo karibu nayo. Mpiga picha Mwingereza Bill Brandt aliugeuza upotofu huo kuwa mtindo wake kwa kutumia kamera kuukuu ya Kodak, lakini mimi nilipojaribu, modeli alitazama kioo cha kamera yangu akacheka, akaniuliza ule mguu ni wa nani.