Kariakoo imefufuka, ila nani analala pale?

Swali la wiki: mtaa wa zamani wa mjini unaweza kufufuliwa bila kupoteza mchanganyiko wa watu wake? Jibu langu ni Kariakoo ya Dar es Salaam, na ni nusu ndiyo.

Jina lenyewe ni Carrier Corps lililolainishwa na ulimi wa Kiswahili: wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakapiga kambi hapo. Kisha wakoloni wakaugawa mji kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kama mpaka. Mchanganyiko haukuletwa na mpango wao. Uliletwa na nyumba ya Kiswahili.

Ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, baraza mbele, jiko na choo uani. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja, vingine akapangisha. Mzaramo, Mmanyema na Mnyamwezi wanaosubiri choo kimoja alfajiri hawana budi kuelewana. Na maneno yaliyoanzia barazani yalifika mbali: TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, iliundwa tarehe 7 Julai 1954 kwenye mtaa unaoitwa leo Lumumba. Yanga na Simba nao ni wa papa hapa (wana Msimbazi msininunie, nimefuata umri tu).

Biashara ilichangamka upya masharti ya uagizaji yalipolegezwa miaka ya 1980. Wenye viwanja wakaingia ubia na wafanyabiashara, nyumba zikavunjwa, maghorofa yakapanda. Soko alilobuni msanifu majengo Beda Amuli, lenye paa la miavuli iliyopinduliwa kukinga maji ya mvua, liliungua Julai 2021, nalo likashughulikiwa. Wateja wanatoka Kongo, Zambia, Malawi, Komoro. Mchana, mchanganyiko upo, pengine kuliko zamani.

Ila panda juu kwenye mengi ya majengo hayo: stoo za mabegi na viatu. Waliokuwa wakianika nguo uani wako Mbagala na Chanika, pembezoni mwa jiji, asubuhi wanagombania daladala kuja kuuza palepale walipokuwa wakilala. Mimi ningeweka sharti moja kwenye kibali cha ujenzi: kila ghorofa jipya liwe na sakafu mbili za vyumba vya kupanga, kwa kodi ambayo muuza kahawa anaiweza. Fremu za chini mwenye jengo apangishe kwa bei aitakayo, sina ugomvi naye.