Mzio wa pua: kwa nini matone ya kuzibua hayakusaidii tena

Ndugu, umeeleza kwamba kila ukiamka unapiga chafya mfululizo, kamasi jepesi linakutiririka, pua inawasha, na kwamba matone ya kuzibua pua uliyoyatumia kwa miezi sasa hayakupi nafuu zaidi ya saa chache. Nimeishi na mzio wa pua tangu utotoni, kwa hiyo naomba nijibu kwa kirefu.

Dalili zako hazifanani na mafua ya kawaida. Mafua huletwa na virusi, na aghalabu huisha ndani ya siku 7 hadi 10. Mzio hauleti homa, huwasha pua, macho na hata kaakaa, na huweza kudumu miezi. Kinga ya mwili hukichukulia kitu kisicho na madhara kuwa ni adui, ikatengeneza kingamwili za aina ya IgE ambazo hukaa juu ya seli zilizomo kwenye utando wa pua. Kitu hicho kikiingia tena, seli hizo humwaga histamini, kemikali inayoleta muwasho na kamasi, na chafya huanza ndani ya dakika chache. Saa kadhaa baadaye huweza kufuata wimbi la pili, lenye uvimbe zaidi kuliko chafya, ndiyo maana mtu aliyekung'uta vumbi asubuhi huzibwa pua jioni akaanza kulaumu chakula alichokula mchana.

Sasa matone. Dawa kama zailometazolini na oksimetazolini hubana mishipa ya damu ya puani, na hapo ndipo pua hufunguka upesi. Zikitumiwa zaidi ya siku 3 hadi 5, mishipa huanza kuzitegemea: dawa ikiisha nguvu, pua huvimba kuliko awali, nawe unarudia tena chupa. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya kuziba unakokulalamikia inatokana na matone yenyewe. Kuyaacha kutakusumbua kwa siku kadhaa, lakini uvimbe huo hupungua.

Badala yake, muulize daktari au mfamasia kuhusu dawa ya steroidi ya kupulizia puani, kama vile flutikasoni au mometasoni. Hii haizibui papo hapo. Hutuliza uvimbe polepole, na huenda ikachukua hadi wiki 2 kufikia nguvu yake kamili, hivyo hutumiwa kila siku hata siku ambayo unajisikia vizuri. Wengi huiona haifai kwa sababu ya namna wanavyoipuliza. Inamisha kichwa mbele kidogo, tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa tundu la kulia, elekeza ncha upande wa nje wa pua badala ya ukuta wa katikati, kisha vuta pumzi taratibu. Ukivuta kwa nguvu hadi ukahisi ladha ya dawa kooni, ujue imepita pua na kwenda kumezwa. Vidonge vya antihistamini, yaani vya kuzuia histamini, kama setirizini au loratadini, husaidia sana kwenye chafya na muwasho, ila kwenye kuziba havina nguvu hiyo.

Kuhusu chanzo, saa ya dalili ni kidokezo kizuri. Chavua, yaani unga wa maua, huzidi msimu wa maua na nje ya nyumba. Dalili za alfajiri mwaka mzima hunifanya nishuku kitanda. Humo huishi wadudu wa vumbi wasioonekana kwa macho, wanaokula magamba ya ngozi yetu na kupenda unyevu, na kinachotusumbua hasa ni kinyesi chao. Fua mashuka na foronya kila wiki kwa maji ya nyuzi 60, uvike godoro na mto vifuniko vilivyofumwa kwa kubana, na upunguze unyevu chumbani. Paka naye ana kesi yake: tatizo si manyoya bali protini iliyomo kwenye mate na ngozi yake, ambayo hubaki nyumbani kwa miezi hata akiondolewa.

Ukianza kukohoa usiku au kifua kupiga filimbi, nenda hospitali, kwani pumu mara nyingi huandamana na mzio wa pua. Huko wanaweza kukupima kwa kuchoma ngozi kidogo na kudondoshea vizio mbalimbali, yaani vitu vinavyoleta mzio; uliza mapema kuhusu kuacha vidonge vya antihistamini kwa takriban wiki moja kabla ya kipimo, maana vikiwa bado mwilini ngozi huenda isionyeshe chochote.