Chuki haitokani na ujinga peke yake

Kwa aliyeuliza kama tunawachukia watu wa kundi jingine kwa sababu tu hatuwajui: kutojuana huchangia, lakini si mzizi wa jambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanasaikolojia Henri Tajfel aliwagawa wavulana wa shule mjini Bristol, Uingereza, akiwaambia kwamba wamepangwa kulingana na mchoraji waliyempenda, Klee au Kandinsky, ilhali walipangwa kwa bahati nasibu tu. Hawakuwa na ugomvi wowote, wala hakuna aliyejua nani yuko naye kundi moja. Hata hivyo, walipotakiwa kuwagawia wengine pesa kidogo, mara nyingi walikubali kundi lao lipungukiwe, mradi lile jingine liachwe mbali zaidi. Hilo ndilo linalonitisha.

Hata hivyo, jamii na dola ndizo huamua ni mafungu yapi yatakuwa na uzito. Nchini Rwanda, utawala wa Kibelgiji uliandika Mhutu, Mtutsi au Mtwa kwenye vitambulisho vya miaka ya 1930, huku ukiwapendelea Watutsi katika elimu na vyeo. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, wauaji walikuwa bado wanadai vitambulisho vyenye maneno hayo hayo.