Mkono mmoja au miwili? Anza na mpini

Ndugu, umeuliza kama katana, upanga wa Kijapani, inaweza kutumika kwa mkono mmoja, maana unaiona nyepesi. Inaweza. Nyingi zina uzito wa kilo 1 hivi au zaidi kidogo, na Miyamoto Musashi, bingwa wa upanga wa Japani aliyefariki mwaka 1645, alifundisha kupigana na panga mbili, mmoja kila mkono.

Ila usipime kwa uzito peke yake. Rapia za Ulaya, panga ndefu nyembamba za kuchomea, nazo hufika kilo 1 na zilikuwa za mkono mmoja. Siri iko kwenye mpini. Mpini mrefu kama wa katana ni wenzo: mkono mmoja unasukuma, mwingine unavuta. Chukua mti wa ufagio, ushike mwishoni kwa mkono mmoja, uunyooshe mbele. Kifundo kinalalamika mara moja, na ncha inayumba. Sasa weka mkono wa pili shibiri moja mbele ya ule wa kwanza. Ncha inatulia, na ukipiga ukakosa, unaurudisha bila kuvutwa mwili mzima. Hapo ndipo ninapoipenda mikono miwili.

Lakini kuna gharama. Mikono miwili hukulazimisha kugeuza kifua mbele, na unapoteza urefu wa kufikia. Mwenye rapia husimama ubavu, bega moja mbele, akafika mbali kuliko unavyodhani. Kitara cha mpanda farasi hakina mjadala: mkono wa pili umeshika hatamu.

Kwa mwanzo, jifunze katana kwa mikono miwili kwanza.